Neno Lililobaki kwa Fundi

"Sema tena," alisema Inspekta.

Mkuu wa kituo alishusha pumzi ndefu. Kituoni hapakuwa na askari asiyelijua ombi hilo, na ndiyo maana Inspekta huyu wa kike walimpachika jina la Bi Tena, wakimwita hivyo kwanza nyuma ya mgongo wake, kisha walipoona hakasiriki, usoni kabisa. Habari ambayo haikuweza kusimuliwa mara mbili bila kubadilika, yeye hakuipa hata kiti.

"Nasema tena, basi. Fundi wa boila wa kile kiwanda cha kufulia nguo kakutwa sakafuni, kichwa kimepasuka. Kando yake spana kubwa yenye damu. Alama za vidole kwenye spana ni za shemeji yake. Asubuhi hiyohiyo watu wamewasikia wakigombana. Halafu Fundi mwenyewe, anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, kamnyooshea kidole shemeji yake, kasema 'yave, yave'. Konstebo kalitafuta neno hilo kwenye simu yake. Ni Kihispania, lugha ya kwao Fundi. Maana yake spana. Unataka nini kingine, Inspekta? Akuchoree?"

"Nataka kumsikia mwenyewe."

"Tangu juzi anasema neno hilohilo."

"Basi halitanichosha kulisikiliza."

Mkuu alicheka bila kupenda. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda jalada lifungwe likiwa bado jembamba. "Alasiri mtuhumiwa anapelekwa kusomewa mashtaka ya kujaribu kuua," alisema. "Ukiwa na kitu cha kunionyesha kabla gari halijaondoka, nitakitazama. Ukichelewa, imekula kwake."

Fundi huyo alikuja miaka mingi nyuma akisindikiza maboila mapya ya kuzalishia mvuke, akafika, akayafunga, akaoa, akabaki. Neno la kwanza la Kiswahili kumkaa mdomoni lilikuwa "shemeji", kwa sababu mdogo wa mkewe alifanya kazi kiwandani humo na Fundi alimhitaji kwa kila kitu. Shemeji shika hapa, shemeji leta kile, kutwa nzima. Mwishowe kiwanda kizima kikamwita kijana wa watu Shemeji, hadi meneja, hadi wazee wa kumzaa.

Sasa mwanamke mmoja alikuwa na mume wodini na mdogo wake mahabusu. Alibeba chakula pande zote mbili, na kote alizuiwa mlangoni. Hospitali askari walimkatalia kwa kuwa ni dada wa mtuhumiwa. Kituoni walimkatalia kwa kuwa ni mke wa aliyeumizwa. Inspekta alimkuta kwenye ngazi za kituo asubuhi hiyo, ameshika bakuli lililofungwa kwa kitambaa, hana machozi tena, anauliza tu ni nani atakayempokea.

Mkalimani aliyepatikana alikuwa mwalimu wa lugha, mzee wa miwani mizito aliyependa kazi yake kuliko mshahara wake. Inspekta alimpakia garini na hakumwacha hata afunge mkanda vizuri.

"Hilo neno, Mwalimu. Nipe maana zake zote, usinibanie hata moja."

"Huandikwa na L mbili mwanzoni, lakini wengi hulitamka kama alivyolisikia konstebo wako. Kwanza kabisa ni ufunguo. Wa mlango, wa gari, wa kabati. Ndiyo maana ambayo mtoto huanza nayo."

"Ehe."

"Kisha spana. Fundi hawezi kumaliza siku bila kulitaja. Kisha koki, bomba la maji, vali ya bomba lolote. Kuna wanakoiita hivyo hata swichi ya taa. Na kwenye mieleka, ukimbana mtu mkono asichomoke, huko kumbana nako ni hilohilo. Huwa nawaambia wanafunzi wangu, usiulize maana yake nini, uliza limesemwa wapi na aliyelisema ameshika nini."

Inspekta alianza kuhesabu kwa vidole. Funguo za stoo zilikutwa mfukoni mwa Shemeji. Spana ilikuwa na vidole vyake. Chumba cha boila kilijaa mvuke, kwa hiyo vali ilihusika. Na daktari alikuwa ameandika kwamba Fundi ana michubuko kwapani, kama mtu aliyebanwa kwa nguvu. Kila maana ilimkaa Shemeji barabara. Alistaajabu jinsi neno dogo vile lilivyoweza kubeba vitu vingi hivyo, na papo hapo likamtia mashaka.

"Linamshtaki mtu mmoja kwa kila maana yake," alisema. "Hata mashahidi wa kupangwa hawakubaliani hivyo, Mwalimu."

Shemeji alitolewa mahabusu akiwa na pingu. Alikuwa pande la mtu, mwenye sauti ya kushinda kelele za mashine, ila sasa aliongea chini chini. Alimwamkia Inspekta, akaketi pembeni mwa benchi.

"Mligombania nini?" Inspekta aliuliza.

"Alitaka kumpeleka dada kwao ng'ambo, akamwone mama mkwe wake kabla hajafa. Kisha warudi. Mimi nikasikia kumpeleka tu. Kurudi sikukusikia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hutamchukua dada yangu nikiwa hai." Aliinamisha kichwa. "Nilipayuka, Inspekta. Nimejuta."

"Halafu?"

"Nikaenda zangu kwenye mashine za kukaushia. Nikakaa, nikaona mvuke unatoka chini ya mlango wa boila. Nikaingia. Mle ndani huoni hata mkono wako. Nikamkanyaga kabla sijamwona. Nikamshika kwapani, nikamkokota mpaka penye hewa. Kisha nikachukua spana, mikono imejaa damu yake, nikarudi kufunga vali."

"Sema tena."

"Nikachukua spana, nikafunga vali. Gurudumu lake la kuifungia lilikuwa limeng'olewa, alikuwa analitengeneza yeye. Bila spana haifungiki. Na bila kufungwa, mvuke ungemfuata kule nilikomlaza."

Inspekta alifungua jalada, akatafuta mstari kwa kidole. "Humu imeandikwa, 'Nilichukua spana.' Basi. Nukta."

"Vali niliisema! Konstebo akaniambia tusonge mbele, atakuja kuiandika."

Inspekta alilifunga jalada taratibu. Alimjua konstebo huyo. Hakuwa mwongo, alikuwa na haraka, na haraka yake imewahi kumkosesha mtu usingizi zaidi ya mara moja.

"Dada yangu anakula?" Shemeji aliuliza alipokuwa anarudishwa.

"Anawapikia nyinyi," Inspekta alijibu.

Chumba cha boila kilikuwa kimezibwa kwa utepe. Inspekta alimwachia Mwalimu tochi, akapiga magoti kwenye zege. Boila lilisimama juu ya kitako cha zege chenye ukingo mkali, na kwenye ukingo huo, upande wa ukutani, palikuwa na damu iliyokauka na nywele chache za mvi zimeganda. Waliotangulia waliiona damu hiyo, wakaiita matone yaliyoruka. Nywele haziruki. Alipiga picha, akasimama, akaitazama vali. Ilikuwa imefungwa hadi mwisho. Kwenye mhimili wake, pale ambapo gurudumu lingekaa, paliachwa alama ya dole gumba yenye damu.

"Basi kazi imeisha!" Mwalimu alifurahi. "Muuaji gani anabaki kufunga mvuke?"

"Aliyepandwa na hasira akamsukuma mwenzake, akaona damu, akajuta. Huyo anafunga mvuke, anakokota, analia kabisa. Mkuu ataniambia hivyo hata kabla sijaketi." Alijipangusa magoti. "Ukingo unaniambia alipoangukia. Hauniambii kama alisukumwa. Anayejua ni mmoja."

Daktari wa wodi aliwapokea akiwa amesimama, kama watu wa kazi yake wanavyopokea polisi.

"Alipata kiharusi," alisema. "Upande wa kulia wote umelegea, na sehemu ya ubongo inayotengeneza maneno imeumia. Tena ana pigo la kisogoni."

"Kiharusi kilimwangusha, au pigo lilileta kiharusi?"

"Picha inaonyesha vyote viwili. Kipi kilitangulia, siwezi kula kiapo."

"Anaelewa akiambiwa?"

"Karibu kila kitu, ukimsemesha polepole kwa lugha ya mama yake. Kutoa ndiko kwenye shida. Amebakiwa na neno moja. Hutokea. Nimewahi kumuuguza bibi aliyebakiwa na jina la mtaa, na mchungaji aliyebakiwa na tusi, maskini, akalitumia hata kwenye sala. Wenyewe hudhani wanasema kama kawaida."

Inspekta alisimama wima. "Kwa hiyo akisema hilo neno, hasemi spana."

"Hasemi spana, hasemi ufunguo. Anasema anachotaka kusema, linatoka hilo."

"Mlimwambia konstebo?"

"Aliuliza kama atapona. Nikamjibu alichouliza."

Fundi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mkono wa kulia umelala juu ya shuka. Alipowaona alinyanyua wa kushoto. "Yave," alisema, kwa adabu ya mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Akauelekeza mkono kwenye kiti. "Yave, yave." Mwalimu alipomjibu kwa Kihispania, macho ya mgonjwa yalijaa, na neno likaanza kumtoka mfululizo, likipanda, likishuka, likatua, likapumzika pale ambapo mtu hupumzika, likachechemea, likauliza, likangoja.

Mwalimu alivua miwani. Alikaa nayo mkononi bila kuifuta.

"Anasemaje?" Inspekta alinong'ona.

"Sijui anasemaje. Lakini anaongea, Inspekta. Anaongea vizuri kuliko mimi. Sentensi zote zipo, maswali yapo, heshima ipo, hata ile lahaja ya watu wa kwao naisikia. Maneno tu ndiyo hayapo." Akaivaa miwani tena. "Nimefundisha lugha hii maisha yangu yote. Sikujua kwamba ukiyaondoa maneno, inabaki."

Inspekta alikuwa amesikiliza watu wengi kazini, waongo na wakweli, na alijidai anajua kusikiliza. Mbele ya mtu huyu alijiona kama ndiyo kwanza ameletewa masikio. Lakini gari la mahakama halikungojea mshangao wake, na mshangao hauwekwi kwenye jalada. Alitoka nje akampigia Mkuu simu.

"Njoo hospitali. Na umpitie mkewe pale ngazini."

"Mkewe ni dada wa mtuhumiwa. Atatafsiri anachotaka yeye."

"Ndiyo maana nataka uje wewe."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Mkuu na mke wa Fundi waliketi katika chumba cha daktari, mlango umefungwa, mwisho kabisa wa korido. Kati yao paliwekwa simu. Simu ya pili ilikuwa mkononi mwa Inspekta, kando ya kitanda, na aliizima sauti kila swali lilipoulizwa, akaifungulia tu Fundi alipoanza kujibu. Mwanamke yule asingesikia swali hata moja. Angesikia neno moja, lilelile, na angemwambia Mkuu alichokisikia ndani yake. Mkuu angeandika kwa mkono wake.

"Huu ni uganga," Mkuu alisema simuni.

"Basi utaniumbua," alijibu Inspekta.

Kupitia kwa Mwalimu, alimuuliza Fundi kwanza kama yeye ni mwanajeshi. Fundi aligeuza uso, mdomo ukaenda upande. "Yave!" Alimuuliza kama boila alilolifunga lilikuwa bovu tangu mwanzo, na mgonjwa alijiinua kwenye mito, neno likamtoka kali, mara nyingi, hadi muuguzi akachungulia. Inspekta alimwomba radhi kwa ishara, akampa maji, akangoja atulie. Kisha akauliza kama mkewe ana hasira za haraka. Fundi aliitazama dari. "Yaaave," alisema polepole, akafumba jicho moja.

Halafu Inspekta alimwinamia Mwalimu. "Sasa muulize siku ile chumbani kilitokea nini. Usimtaje mtu. Usiseme kuanguka, usiseme kupigwa."

Mwalimu aliuliza. Fundi aliutazama mkono wake wa kulia. Kisha akaanza.

Alianza kwa sauti ya kazi, ya kila siku, mkono wa kushoto ukizungusha kitu hewani. Ghafla mkono ukasimama. Ukaenda kwenye kichwa chake mwenyewe, ukabonyeza paji la uso. Neno likatoka kama swali. Mkono ukaushika ule wa kulia uliolala, ukaunyanyua juu ya shuka, ukauachia. Ukaanguka puu. Aliurudia kuunyanyua, akauachia tena, huku akimtazama Inspekta usoni ahakikishe ameona. Kisha kiganja kikateleza chini taratibu ubavuni mwa kitanda, na kikagonga chuma kwa upande wa mgongo wake. Neno likawa dogo, likawa la mtoto aliye gizani. Yave. Yave. Yave.

Inspekta aliisogeza simu karibu zaidi.

Mkono ukanyooshwa kuelekea mlangoni, kidole mbele, kama alivyofanya mbele ya konstebo. Sauti ikapanda, ikaita. Kidole kikarudi kikaingia kwapani, kikavuta juu, kikavuta tena. Halafu ngumi ikafungwa hewani, ikazungushwa kwa nguvu, kama anayekaza kitu kigumu, na Fundi akapuliza, "Fyuuu," mvuke ukaisha. Baada ya hapo mkono ukatua kifuani na neno likaja mara moja, chini kabisa. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali.

Mwalimu alikuwa analia waziwazi. Inspekta naye hakuona aibu, alijifuta kwa kiganja.

Hatua za Mkuu zilisikika koridoni kabla hajaonekana. Aliingia na karatasi mkononi na hakukaa.

"Soma," Inspekta alimwambia. "Mimi sijakwambia kitu."

Mkuu alikohoa. "Jibu la kwanza. Mkewe anasema, 'Amekataa, tena ameona ni upuuzi.' La pili, 'Amekasirika, mmemgusa kazi yake.' La tatu…" Alimtazama Fundi kwa mara ya kwanza. "La tatu kasema, 'Hapo ananisema mimi. Sauti hiyo huitumia akinizungumzia mimi tu.'"

"La nne?"

"La nne ni refu." Aliigeuza karatasi. "'Anasimulia. Yuko kazini. Hapo ameshangaa, kitu kimemwingia mwilini, hajui ni nini. Hapo anaogopa. Yuko peke yake. Peke yake kabisa.' Nimemuuliza, anamwogopa nani? Akasema, 'Hamwogopi mtu. Mtu hayupo.' Kisha akaruka kitini. 'Hapo anamwita mdogo wangu! Anapomwita shemeji huivuta hivyo mwishoni.' Nikamuuliza, anamwita kwa hasira? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema, 'Anamshukuru. Hivi ndivyo alivyomshukuru mama yangu siku aliyotuozesha.'"

Inspekta alimwashiria Mwalimu, naye Mwalimu akamsimulia Mkuu alichokiona mikononi: kichwa, mkono uliokufa, kuanguka, mlango, kwapani, vali. Mmoja alikuwa amesikia bila kuona, wengine wameona bila kuelewa, na habari ilikuwa ni ileile. Inspekta aliongeza nywele za ukingoni na dole gumba la kwenye mhimili.

Mkuu aliketi hatimaye. "Kiharusi kilitangulia," alisema.

"Kilitangulia."

"Na sisi tumemfunga pingu mtu aliyemwokoa." Alijipangusa uso. "Niandike nini sasa kwenye jalada, Bi Tena? Shahidi alisema nini?"

"Andika ulichosikia, na ulivyosikia. Kilichotuponza ni kuandika nusu."

Mkuu alipiga simu kituoni palepale, mbele yao, akaamuru gari la mahakama liondoke na kiti kimoja kitupu. Kisha akaenda mwenyewe kumfungulia mke wa Fundi mlango, na mwanamke yule alipita mbele yake bila kumwona, akaingia wodini na bakuli lake. Alilifungua juu ya shuka. Akamlisha mumewe kijiko kwa kijiko, na kwa dakika zile mumewe alilipumzisha neno lake la pekee.

Shemeji aliletwa hospitali wakati chakula kikiwa bado na joto. Pingu zilitolewa koridoni. Aliingia akijifinya, lile pande la mtu, akasimama miguuni mwa kitanda akaisugua mikono yake mapajani, asijue aiweke wapi.

"Shemeji," alisema. "Nisamehe. Mpeleke. Mpeleke dada kwa mama yako, mkae mpaka mchoke."

Fundi alimgeukia. Alimtazama mashavu yaliyobonyea na shati lililomkaa siku zote za mahabusu. "Yave?" aliuliza.

Shemeji aligeuka, ameduwaa. "Anasemaje?"

Mwalimu alimgeukia Inspekta. Dada mtu alikuwa ameziba uso kwa kitambaa. Mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa tayari kwenye bakuli, unalisukuma polepole juu ya shuka kuelekea kwa Shemeji.

"Anakuuliza umekula?" alisema Inspekta.

Na Shemeji akaketi kitandani, akapokea kijiko.